Mafuta ya Matanga

Ukija butiki yangu pale Kimanga, Uvira, kununua mafuta ya kunukia, sitakuacha unuse chupa halafu uondoke nayo. Chupa haivai mafuta, atakayeyavaa ni wewe. Nitashika mkono wako wa kuume, nitie tone moja kwenye kifundo, kisha nikutume ukanunue ndagala zako, dagaa wa ziwani, na nyanya zako, uzunguke juani kidogo, ndipo urudi tunuse pamoja. Nina mteja wa Kamanyola ambaye mafuta ya waridi yakimgusa tu yanageuka siki. Nina mzee mmoja wa kule juu milimani, mtu wa ng'ombe na maziwa maisha yake yote, ambaye mafuta yoyote yakimkaa yananukia kama mtoto mchanga, naye hapendi kuambiwa hivyo. Ngozi ni chungu. Unga ni uleule, lakini kila chungu kina ugali wake.

Napima kwenye mkono wa kuume tu, uwe wako au wangu. Wateja wamezoea, wanadhani ni adabu.

Wanaonifahamu wanajua pia kwamba mimi, Célestine, ni mtu wa mashaka. Ukinisalimia mara mbili asubuhi moja nitajiuliza unataka nini. Wananicheka, nami nawaacha wacheke, maana mashaka haya sikuyaokota njiani, nimeyanyonya. Mama yangu, Apolline, aliwahi kuishi na mwanamume chini ya paa moja asijue kama ni mume wake. Alinisimulia mchana, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, na hakutia chumvi. Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Mume wake aliitwa Gaspard. Alikuwa karani wa duane, ofisi ya forodha, mtu wa kalamu mfukoni na viatu vilivyopakwa rangi hata siku ya mvua. Mwaka wa uhuru alimuoa mama, na zawadi aliyomletea kutoka ng'ambo ya ziwa, soko la Buyenzi kule Usumbura, ilikuwa chupa ndogo ya mafuta mazito yenye rangi ya chai. Hayakuwa na ua ndani yake, wala sukari. Yalikuwa ubani, magome, na moshi kwa mbali. Mama alipoyanusa mara ya kwanza aliuliza nani amezima mishumaa humu ndani. Gaspard alicheka sana. Tangu siku hiyo mafuta yale yakaitwa Makavu.

Nyumba nzima ilijaribu Makavu. Kwa mama yaligeuka, yakanukia karanga za kukaanga. Kwa tate Honorine, mama yake Gaspard, mjane wa siku nyingi na mpenda kiko, yalinukia samaki aliyekaa juu ya moshi. Jirani yao Pontien, mvuvi, aliomba tone moja la kwendea arusi, akanuka beberu, na mpaka kifo chake watu walimkumbusha arusi ile. Kwa Gaspard peke yake mafuta yalifanya kile yalichoumbiwa. Yaliingia katika ngozi yakakauka, halafu harufu ikatoka taratibu, safi, kama kanisa asubuhi ya siku ya kazi kabla mtu hajaingia. Mama alisema angeweza kumtambua sokoni akiwa amefumba macho. Kumbuka neno hilo.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira. Walijiita Simba, walikuwa wamenyweshwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na waliwachukia makarani kuliko walivyowachukia askari. Walimkuta Gaspard mezani, akila. Pontien, aliyekuwa akishona wavu njiani, alimwona akipandishwa kwenye lori lililoelekea Kiringye. Shati aliyovaa ilikuwa na mshono wa uzi mwekundu kwenye bega, kwa sababu siku mama alipoishona uzi mweupe ulikuwa umekwisha.

Wiki zilipita. Halafu Pontien akavuta maiti kutoka kwenye matete, pale Ruzizi inapoingia ziwani. Uso haukuwa wa kutazamwa, maji na samaki walikuwa wamekwisha fanya yao. Lakini shati ilikuwa na uzi mwekundu begani.

Walimwosha. Tate Honorine hakukubali mwanawe aende bila harufu yake, kwa hiyo akachukua chupa ya Makavu akampaka kwa mikono yake mwenyewe. Mafuta hayakuingia. Yalikaa juu ya ngozi, yaking'aa, kama yalivyomiminwa. Baada ya muda harufu ilipanda, na haikuwa ile ya kanisa. Ilikuwa harufu ya mafiga yaliyonyeshewa mvua, majivu na maji pamoja.

“Hii haiko harufu yake,” mama alinong'ona.

“Maiti haina moto, mama,” Pontien alimjibu. “Mafuta inaomba moto ya muntu.”

Wakamzika.

Sasa, kuna jambo la desturi ambalo lazima ulijue, maana kila kitu kimening'inia hapo. Mjane wa kwetu hajipaki mafuta. Anakaa na kikwembe chake kimoja, kitenge kilekile kila siku, na nywele zake kama zilivyo, mpaka siku ya kumtoa kwenye matanga. Siku hiyo mjane mwenzake anamwogesha, anamnyoa, anampaka mafuta, na kumwambia nyumba ni yako. Kabla ya hapo nyumba bado ni ya marehemu, na mke bado ni wake. Watu hulisema hilo kwa mazoea tu, bila kulifikiria.

Kwa sababu ya vita, matanga ya Gaspard yalikaa bila kufungwa. Askari wa serikali waliporudi na mji ukatulia kidogo, tate Honorine alipanga siku. Asubuhi ile maji yalikuwa motoni, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva kwenye mitungi, na chupa ya Makavu, iliyobaki nusu, ilikuwa juu ya mkeka ikimngoja mama. Jua lilikuwa kali, watoto wakikimbizana uani.

Mtu akapiga hodi kwenye ua.

Alikuwa amekonda, ana ndevu, amevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo, na kovu la moto lilimshika kutoka sikioni mpaka mdomoni. Alitazama maji. Alitazama mkeka.

“Mama,” alisema. “Mafuta hiyo iko ya nani?”

Sauti ilikuwa ya Gaspard. Watu walitawanyika kama kuku, na mjomba mmoja akatumbukiza mguu katika mtungi wa kasiksi. Tate Honorine peke yake hakukimbia. Alimwendea, akamshika mashavu, akampapasa kama anayenunua kitambaa, kisha akageuka, akachukua ile chupa na kummiminia kichwani.

“Matanga gani tena?” aliwaambia watu, akilia na kucheka. “Mutoto wangu njo huyu.”

Watu walirudi wakapiga makofi. Walikunywa kasiksi, hata ile ya mguu wa mjomba. Na mama alisimama pale na kikwembe chake cha matanga, hajaogeshwa, hajanyolewa, hajapakwa. Hakuna aliyemkumbuka. Yeye mwenyewe hakujikumbuka. Nani atafikiria kuoga siku mume wake amefufuka?

Maelezo yake yalikuwa mazuri. Waasi walimvua shati, mmoja wao akaivaa, na huyo ndiye aliyeuawa akatupwa mtoni. Walikuwa wamezika mgeni, basi. Mtu huyu alijua uzi mwekundu ulitoka wapi. Alijua habari ya Pontien na beberu. Kila alichoulizwa alijibu, bila kusita. Hilo ndilo lililoanza kumkera mama. Gaspard halisi alikuwa msahaulifu.

Kisha yakaja mambo madogo. Akipewa chakula alikula, asipopewa hakuomba. Alipenda kukaa kwenye kiti chake cha mbao mlangoni, jua likimpiga usoni mchana kutwa, na hakutoka jasho. Siku ya pili mama alimfuta kichwa kwa kitambaa na kukuta mafuta yako palepale, yanang'aa. Akayafuta. Kesho yake yalikuwepo tena. Na ile harufu ilikuwepo, si kali, inakujia ukiinama kumpa maji. Mafiga yaliyonyeshewa.

Mama alijikemea. Njaa hubadili ngozi. Woga hubadili ngozi, na alikolala mtu huyu hakuna aliyekujua. Akampikia karanga, akampikia samaki wa pilipili, akamwogesha maji ya moto, akitumaini kwamba ngozi ya zamani itarudi na mafuta yatakauka. Hayakukauka. Hapo ndipo alipokwenda kumwona Pontien, akamkuta akishona wavu.

Pontien alitazama nyuma na mbele kabla ya kufungua mdomo.

“Labda balimunywesha dawa yao,” alisema kwa sauti ya chini. “Kama inafanya risasi inakuwa maji, labda ngozi nayo. Ao haiko yeye. Kuko Simba wengi banajificha na majina ya bantu balikufa.”

“Alijua ya beberu, Pontien.”

“Bwana yako angeweza kumuelezea kule walikuwa wamefungwa. Bantu banaongea wakingoja kufa.” Alikata uzi kwa meno. “Lakini angalia, mama. Ukienda kusema kwa basoda ba serikali, batamupiga risasi. Na kama njo yeye, utakuwa umemuua weye.”

Huo ndio mtego mama aliokuwa ndani yake. Akisema, mtu atauawa, na huenda ni mume wake. Akimfukuza, ukoo wa Honorine utasema ni mulozi, mchawi, amemkataa mume aliyerudishwa na Mungu, na kwetu neno hilo likikupata halikuachi. Akinyamaza, ataendelea kulala kando ya kitu asichokijua. Na tayari alikuwa na mimba.

Alasiri moja mtu yule alikuwa amefumba macho kwenye kiti chake. Tate alikuwa nyuma ya nyumba na kiko chake. Mama alichukua chupa. Alitia tone moja kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. Tone moja kwenye jiwe la figa. Tone moja kwenye mkono wa yule mtu. Akachuchumaa, akangoja.

Lake lilikauka. Karanga.

La kwenye jiwe lilikauka. Hata jiwe lilikunywa.

La yule mtu lilikaa. Duara, safi, kama jicho. Mama alilisogelea na pua yake.

“Apolline,” mtu yule alisema. Hakuwa amefumbua macho. “Unatafuta nini kwa mukono yangu?”

Mama alijibu palepale alipoinama.

“Natafuta bwana yangu.”

“Si ulinizika?”

Alilisema bila hasira. Kama mtu anayekukumbusha ulipoweka ufunguo. Kifua chake, ambacho mama alikitazama muda mrefu, hakikupanda wala kushuka.

Mama hakukimbia. Alitembea polepole, akizunguka nyumba kwa kushika ukuta, mpaka alipomfikia tate Honorine. Akakaa chini karibu naye.

“Mama, unasikia harufu yake?”

Tate alivuta kiko. Akatoa moshi. Akavuta tena.

“Nasikia.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile. Minye njo nilipakala ule wa kwa matete, na hii mikono. Alikuwa yeye, minye nilijua. Na siku aliingia kwa ua, nilimwangia mafuta, bantu banapiga makofi, ile harufu ikarudi kwa pua yangu.”

“Na ulinyamaza?”

“Mama gani atazika mutoto mara mbili?”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alikuwa amekuja na hasira, lakini ilimwishia palepale. Wanawake wale wawili walikaa, na kila mmoja alikuwa akimsikiliza mtu aliye upande wa pili wa nyumba, ambaye hakutoa sauti yoyote.

“Ile mafuta ilikuwa yangu,” mama alinong'ona mwishowe. “Mafuta ya matanga. Ulimupatia yeye. Minye hamukunitosha kwa matanga.”

Tate aliondoa kiko mdomoni. Mama aliona uso wake ukielewa, taratibu, jambo ambalo kila mwanamke wa ua ule alipaswa kulielewa siku ileile. Hawakumtoa mjane. Nyumba bado ilikuwa ya marehemu, na mke bado ni wake. Kwa nini asirudi? Alirudi kwake.

Ingetosha tate aseme hapana. Angekaa na mwanawe mlangoni mpaka mwisho wa siku zake, na mama asingekuwa na la kufanya, kwa sababu hakukuwa na mjane mwingine katika ukoo ule wa kumwogesha. Tate alitazama tumbo la mama.

“Na hii?”

“Sijui iko ya nani.”

“Iko ya mutoto wangu,” tate alisema. Aligonga kiko chini, majivu yakamwagika. “Njo maana nitakuogesha. Haitazaliwa ndani ya matanga.”

Asubuhi jua lilipopanda walichemsha maji. Hawakumwita mtu. Walitandika mkeka uani, mbele ya mlango, kwa sababu desturi inataka hivyo, na mtu yule alikuwa amekaa kwenye kiti chake akiwatazama. Tate alimnyoa mama. Alimmwagia maji kichwani. Machozi yalimtoka tate, naye akaendelea kumwaga. Akatikisa chupa, akamimina karibu yote yaliyobaki katika kiganja.

Paji la uso. Kifua. Mikono.

“Toka kwa matanga, mwana wangu,” alisema. “Nyumba iko yako.”

Mafuta yaliingia ndani ya ngozi ya mama. Harufu ya karanga ikajaa uani.

“Mama,” sauti iliita kutoka mlangoni.

Tate hakugeuka.

“Mama. Mafuta hiyo iko ya nani?”

“Ya mujane,” tate alijibu, akiwa amempa mgongo.

Hapakuwa na sauti ya miguu. Hapakuwa na mlango. Walipogeuka, kiti kilikuwa tupu, na lile koti lisilo na vifungo lilikuwa limeanguka chini mbele yake. Pontien alikuwa njiani na wavu wake, pale pale anapokaa siku zote. Hakuona mtu akipita.

Watu walisema mengi. Walisema alikuwa mwasi, amesikia anashukiwa, akatoroka kupitia nyuma. Ningekuwa mimi ni mmoja wa majirani, ningesema hivyohivyo, na ningekucheka ukiniambia vingine. Lakini kiti kile kilirithiwa, kiko kwangu. Mahali pa kichwa na mahali pa mikono pana doa la mafuta. Mama alilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Ukiligusa leo, kidole chako kitang'aa.

Nilizaliwa mwaka uliofuata. Tate alinipenda kuliko wajukuu wote, lakini hakuwahi kunibeba bila kuninusa kwanza. Mama alinikataza kugusa ile chupa, iliyobaki na mafuta kidogo ya kushikana chini, na nilikua, nikafungua butiki, nikauza mafuta ya kila namna, bila kujua Makavu yananukiaje juu yangu.

Mama alipokuwa mgonjwa wa kufa, aliniita niende na ile chupa. Aliiweka juani dirishani mpaka mafuta yakalegea.

“Lete mikono,” alisema. “Yote mbili.”

Akatia tone kwenye wa kuume, akatia tone kwenye wa kushoto, akajilaza, tukangoja. Nje mtu alikuwa akiuza ndagala. Baada ya muda alivuta mkono wangu wa kuume mpaka puani, akafumba macho, na uso wake wote ukawa wa msichana. Mafuta yalikuwa yamekauka kabisa. Nilinusa na mimi. Kanisa, asubuhi ya siku ya kazi, kabla mtu hajaingia.

“Njo yeye,” mama alisema. “Gaspard. Weye uko mutoto yake kweli.”

Alikuwa anatabasamu alipochukua mkono wa kushoto. Aliutazama. Hakuupeleka puani. Aliufunika na kikwembe chake, taratibu, kama unavyofunika mtoto aliyelala.

“Huu,” alininong'oneza, “usipimie muntu.”

Mama tulimzika, matanga yake tuliyafunga vizuri, kila mtu alipakwa mafuta aliyostahili. Miaka imepita tangu hapo. Mkono wa kushoto nimeuosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga wa ziwa. Tone lile lipo palepale kwenye kifundo, duara, na halijakauka.